Deni la Dada

Tulikuwa tunachambua mchele kwenye sinia moja, msichana na mimi, aliponiuliza kama ni kweli nilikuwa nafanya kazi benki.

"Kweli," nikamwambia.

"Walikuwa wanakulipa?"

"Kila mwezi, tarehe 24."

"Hawakuchelewesha hata siku moja?"

"Ikiangukia Jumapili, walilipa Ijumaa."

Akaacha kuchambua. "Halafu ukaacha mwenyewe? Hukufukuzwa?"

"Niliacha mwenyewe, nije kufanya kazi hapa na nyie."

Akakaa kimya kidogo, akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Sijawahi kusikia mtu anaacha mshahara, dada." Hakuwa ananisifu. Alikuwa ananishangaa, kama unavyomshangaa mtu anayemwaga maji wakati wa kiangazi.

Alikuwa na miaka 15. Alichukuliwa kwao, kijiji kimoja cha wilaya ya Mkalama, Februari 2021, akiwa na miaka 13. Mwanamke aliyemchukua aliwaambia wazazi wake kwamba kuna familia Dar es Salaam inatafuta msichana wa kukaa na mtoto, mshahara upo, na jioni atasoma ushonaji. Alirudishwa Machi 2023 kupitia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, akiwa na begi moja na kovu la pasi kwenye mkono wa kushoto. Katika miezi 26 hakuwahi kushika hata shilingi moja ya mshahara. Kila alipouliza aliambiwa anatunziwa.

Nyumba tunayoishi na wasichana kama yeye iko pembezoni mwa mji wa Singida. Sisemi ni mtaa gani, kwa sababu nyumba salama hazitangazwi. Nilihamia hapa mwaka 2022, baada ya miaka tisa benki, saba kati ya hiyo nikiwa afisa mikopo. Tangu nihame nimezoea kuambiwa neno moja: umejitoa. Wanalisema kanisani, wanalisema shangazi zangu kwenye misiba, wanaliandika marafiki chini ya picha zangu. Mara mbili nimeombwa kusimama mbele ya watu kutoa ushuhuda wa jinsi nilivyoacha vyote. Mara ya kwanza nilisimama, nikasema, watu wakapiga vigelegele. Mara ya pili nilikataa, na sababu ya kukataa kwangu ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, maana kwa muda mrefu sikuweza kujieleza hata mwenyewe.

Swali lenyewe ni hili: ninachofanya hapa ni sadaka au ni kulipa deni? Linaweza kuonekana dogo. Msichana akipata chakula na kitanda, ana haja gani ya kujua jina la kile kilichomfikisha kitandani? Lakini afisa mikopo yeyote atakwambia kwamba jina ndilo kila kitu. Ukimpa mtu laki moja kama zawadi, umemaliza. Ukimpa laki hiyo hiyo na ulikuwa unadaiwa laki tano, bado nne.

*

Nyumbani kwetu Tabata tulikuwa na Dada. Alikuja mwaka 1996, nikiwa na miaka sita. Alikuwa na miaka 13 au 14, hakuna aliyejua vizuri, na alitokea Singida, upande ambao leo ni wilaya ya Ikungi. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, baba karani bandarini. Hatukuwa matajiri. Mwalimu mwenzake na mama, mwenyeji wa Singida, alimwambia kuna ndugu wana watoto wengi na mvua imegoma. Mama akatuma nauli. Akaahidi shilingi 5,000 kwa mwezi na kwamba baadaye binti atapelekwa kujifunza cherehani.

Dada aliamka saa kumi na moja. Alinichemshia maji, akaninyooshea sare, akanivusha barabara ya lami hadi shuleni, akarudi kufua. Jioni nilifanya kazi za shule kwenye meza ya chakula huku yeye akisubiri niondoe madaftari apange sahani. Nilimfundisha kuandika jina langu. Sikumbuki kumfundisha kuandika la kwake, na ukweli ni kwamba sikulijua. Alikuwa Dada.

Kiswahili chetu kina majina mengi kwa mtu huyu. Kuna yaya, kuna hausigeli, kuna msaidizi wa ndani, na vijana wa mjini wakambandika beki tatu, jina la mchezaji wa pembeni. Lakini ndani ya nyumba tunamwita dada, na tunajisifu kwamba ni heshima. Nadhani kwa sehemu ni heshima kweli. Ila undugu una kanuni yake: ndugu hapewi mshahara. Dada yako akiosha vyombo hutoi bahasha mwisho wa mwezi. Kwa hiyo neno hilo moja linamkaribisha binti mezani na papo hapo linafuta daftari. Yule mwajiri wa Dar es Salaam, tulipompigia simu kutoka ofisi ya ustawi wa jamii, alisema kwa sauti iliyojaa machozi: "Mimi nimemlea yule mtoto kama mwanangu." Naamini alikuwa anasema anachoamini. Mwanae wa kuzaa alikuwa kidato cha pili.

Dada wetu aliondoka mwaka 2001. Nakumbuka alivaa kitenge kipya, na mama alimpa kingine pamoja na nauli na sabuni za kupeleka kwao. Alilia, mama alilia, mimi nililia kuliko wote. Hakuna aliyezungumza habari za 5,000. Miaka mitano ni miezi 60, na miezi 60 mara 5,000 ni laki tatu. Katika miaka hiyo mama alikuwa anatulipia ada watoto watatu. Nilipita katika ile ada nikafika chuo kikuu, na kutoka chuo kikuu nikafika benki.

*

Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ilitungwa na Bunge letu mwaka 2008. Niliisoma vizuri kwa mara ya kwanza nilipofika Singida, nikiwa natafuta maneno ya kuandika kwenye faili la msichana wa Mkalama. Kama wengi, nilidhani usafirishaji haramu ni makontena, mipaka na pasipoti zilizofichwa. Nilikuwa nimesikia habari za wanawake wa Tanzania waliokwenda kufanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu wakanyang'anywa pasi zao, habari ambazo mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilizikusanya katika ripoti nzima. Lakini sheria haihitaji mpaka. Kumwajiri, kumsafirisha au kumpokea mtu kwa ajili ya kumnyonya kunatosha, hata kama safari ni ya basi kutoka stendi ya Singida hadi Dar es Salaam. Na anayesafirishwa akiwa mtoto, ridhaa yake haimwokoi mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa mtoto kufanya kazi, tena kazi nyepesi.

Nikasoma mpaka mwisho, nikafunga, nikamwona mama akiwa kwenye foleni ya posta, anatuma nauli.

Mama yangu hakumpiga Dada. Hakumnyima chakula. Sheria ya 2008 hairudi nyuma kumtafuta mwalimu wa mwaka 1996. Ninayasema haya kwa haraka kila ninapofika hapa, na nimegundua kwamba haraka yenyewe ni ya mtu anayejitetea. Aliahidi mshahara, hakulipa. Aliahidi cherehani, hakupeleka. Mtoto alikuwa karibu kilomita 700 kutoka kwao bila nauli ya kurudi. Kama angekuwa mama wa mtu mwingine, ningejaza fomu bila kusita.

Hapo ndipo ushuhuda wangu wa kanisani uliponishinda. Nilikuwa nimewaambia watu kwamba niliacha vyote. Kumbe nilichoacha ni kipande cha mwisho tu, mshahara wa benki. Elimu sikuiacha, haiachiki. Kiingereza, kujiamini mbele ya mkuu wa kituo cha polisi, vile watu wanavyonipa kiti ninapoingia ofisini, vyote nimekuja navyo, na sehemu ya gharama yake alilipa binti aliyesubiri niondoe madaftari mezani.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1797, aliuliza swali linalonisumbua. Uwezo wa tajiri kutoa msaada, alisema, mara nyingi unatokana na dhuluma iliyompendelea yeye ikawafanya wengine wawe wahitaji. Je, hapo msaada wake unastahili kuitwa hisani? Hatuhitaji kwenda mpaka Königsberg kulipata wazo hilo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba tusipokuwa waangalifu, unyonyaji mkubwa nchini utakuwa wa watu wa mijini kuwanyonya wakulima wa vijijini. Azimio lilikuwa linazungumzia mikopo ya nje inayojenga miji na kulipwa kwa jasho la mkulima. Halikumtaja binti wa mkulima anayelala jikoni Tabata, lakini hesabu ni ile ile.

Ukisafiri leo kwa treni kutoka Tabora kwenda pwani, unapita Itigi na Manyoni, na njia hiyo kwa sehemu kubwa inafuata njia ya misafara ya karne ya 19. Pori la huku liliitwa Mgunda Mkali, na wapagazi na watumwa walilivuka wakielekea Bagamoyo. Sitaki kusema kwamba dada wa kazi ni mtumwa wa minyororo. Kusema hivyo ni kuwakosea wote wawili. Ninachotaka kutazama ni nini kilitokea baadaye, watu walipoamua kwamba jambo lile lilikuwa baya.

Waingereza walipokomesha utumwa katika makoloni yao kwa sheria ya mwaka 1833, walitoa fidia ya pauni milioni 20, na waliolipwa ni waliokuwa wakimiliki watumwa. Zanzibar mwaka 1897, Sultani Hamud bin Muhammad alipotoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa, mwenye mtumwa ndiye aliyeweza kudai fidia, na mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake. Bagamoyo, tangu 1868, mapadre wa Roho Mtakatifu waliwakomboa watumwa kwa kuwanunua, wakawajengea kijiji cha uhuru. Humo waliokombolewa walilima mashamba ya misheni na kuishi kwa ratiba ya misheni. Sina shaka wengi waliokolewa maisha. Lakini katika habari zote hizo naona kitu kimoja: tajiri alilipwa, mkombozi alishukuriwa, na mtu aliyefanya kazi bure alipewa uhuru kama zawadi, kana kwamba hakuna alichokuwa anadai.

Yupo pia mtu aliyeacha kazi kabla yangu, John Newton, nahodha Mwingereza wa meli za watumwa. Aliacha bahari mwaka 1754 kwa ugonjwa, baadaye akawa mchungaji. Aliandika hadharani kupinga biashara ile mwaka 1788. Kati ya kuacha kazi na kusema kuna miaka 34, na yeye mwenyewe alikiri kwamba ungamo lake lilichelewa mno kurekebisha aliyoyafanya. Nikimsoma Newton najifunza kwamba mtu anaweza kuacha kazi akadhani amemaliza, kumbe hajaanza.

*

Rafiki yangu mmoja wa benki alinitembelea mwaka jana. Tulikaa kando ya Ziwa Singidani jioni, upepo wa Singida ukipeperusha kila kitu mezani, akanipa hoja ambayo bado sijaijibu kikamilifu. "Kwa mshahara wako ule," alisema, "ungebaki kazini ukatoa nusu, pangeajiriwa wafanyakazi wawili wa ustawi wanaoijua kazi kuliko wewe. Umekuja hapa kwa ajili yao au kwa ajili yako?"

Ana haki ya kuuliza. Kwa hesabu, huenda yuko sahihi, na kijana anayesoma haya akidhani lazima aache kazi ili awe mtu mwema aisikilize hoja hiyo kwanza. Wafadhili wetu wananilipa karibu theluthi moja ya nilichokuwa napata, kwa hiyo hata hapa siishi kwa hewa. Nilimjibu kitu kimoja tu: kwamba kuna kazi moja hapa ambayo nilikuwa nimeisomea bila kujua.

Nilianza kuandika madai. Kwa msichana wa Mkalama nilichora jedwali kama nilivyochora ya wakopaji wangu. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2013 ilisema mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida alipwe 40,000 kwa mwezi. Iliyoanza kutumika Januari 2023 ikapandisha hadi 60,000. Februari 2021 hadi Desemba 2022 ni miezi 23, yaani 920,000. Januari hadi Machi 2023 ni miezi mitatu, yaani 180,000. Jumla milioni moja na laki moja. Wakili wa upande wa pili akasema mtoto wa miaka 13 haruhusiwi kuajiriwa, kwa hiyo hakuna ajira, kwa hiyo hakuna mshahara. Nilipoisikia hoja hiyo nilitoka nje kupunga hewa. Yaani kosa la kumfanyisha kazi mtoto ndilo limfutie mtoto malipo ya kazi!

Suala la jinai liliendelea njia yake polisi, na sheria inaruhusu mahakama kuamuru fidia, lakini njia hiyo ni ndefu. Kwa upande wa mshahara, baada ya miezi saba ya barua na simu, mwajiri alilipa laki sita kwa awamu tatu. Msichana alihesabu mwenyewe, noti kwa noti, akatia kidole gumba na saini, vyote viwili, kwa sababu alitaka.

Kisha akanunua simu janja.

Nyumba nzima ilinuna. Mlezi wetu mkuu, mama mwenye moyo kuliko sisi wote, alisema tungemshauri anunue cherehani au mbuzi. Nami nilikuwa nimefungua mdomo kusema hivyo hivyo, nikakumbuka mshahara wangu wa kwanza benki. Nilinunua viatu vya 85,000, na hakuna mtu aliyeitisha kikao. Anayetoa sadaka ana haki fulani ya kufuatilia imetumikaje. Mdaiwa anayelipa deni hana haki hiyo hata chembe. Pesa ilikuwa yake tangu Februari 2021. Laki mbili alimpelekea mama yake akanunua mahindi, na hilo pia hakutuomba ruhusa. Kuhusu shukrani, alitushukuru kwa chakula na kitanda. Kwa zile laki sita hakushukuru, na kadiri nilivyofikiri niliona yuko sawa kabisa.

*

Baada ya hapo sikuwa na kisingizio. Nilimpigia mama nikamuuliza jina la baba yake Dada.

"Unalitakia nini?"

"Nataka kumtafuta. Niko Singida, mama, Ikungi si mbali."

"Ukimpata utamwambia nini?"

"Kwamba tunadaiwa."

Mama ni mstaafu sasa. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. "Yule mtoto alikula kwangu miaka mitano," akasema. "Alipougua malaria nililala naye hospitali. Wewe hukumbuki. Sasa umeenda huko umejifunza kuniita mhalifu." Alinitajia jina, akakata simu. Kwa wiki tatu hakupokea tena.

Nilimpata Dada Agosti, baada ya mavuno. Mwenyekiti wa kijiji alinielekeza kwenye nyumba ya bati karibu na tembe la zamani la wakwe zake. Vichwa vya alizeti vilikuwa vimeanikwa uwanjani na mwenyewe alikuwa anavipiga kwa fimbo. Ana miaka arobaini na kitu, watoto wanne, na kilemba alichokifunga vile vile alivyokuwa akikifunga jikoni kwetu. Hakunitambua mpaka nilipotaja jina langu. Akaacha fimbo, akaliandika hewani kwa kidole, herufi kwa herufi, kama nilivyomfundisha.

Alinipa uji wa uwele. Tuliulizana habari za wote, walio hai na waliokufa. Baba yangu alimlilia kidogo. Kisha nikatoa bahasha. Nilikuwa nimechukua laki sita kutoka kwenye mafao yangu ya benki. Nilishindwa kuamua kiasi sahihi. Laki tatu za mwaka 1996 si laki tatu za leo, na nikitumia 60,000 za amri ya 2023 kwa miezi 60 inakuja milioni tatu na laki sita, ambazo sikuwa nazo. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kuficha, na kwamba huo ni mwanzo wa mshahara wake.

Hakuigusa. "Mama ametuma?" akauliza.

"Hapana. Ni mimi."

"Mama anajua?"

"Anajua nimekuja."

Akaichukua bahasha, akaihesabu, akaikunja kwenye kona ya kanga. Alisema polepole, kama anayemweleza mtoto jambo: "Basi hii ni zawadi yako, mdogo wangu. Nashukuru sana, itanifaa. Ile ya mama bado."

Nilianza kupinga. Nilisema mimi ndiye niliyesomeshwa kwa pesa ile. Akatikisa kichwa. "Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa nakubeba. Utanidaiwa nini wewe? Tuliyepatana naye mshahara ni mama."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko kitabu chochote. Nilikuwa nimekuja Singida na deni nililolibadilisha kuwa huduma: nilishindwa kumlipa mmoja, nikaamua kuwahudumia thelathini. Ndivyo wengi wetu tunavyofanya. Tunakosea kwa mtu mwenye jina, halafu tunatubu kwa jamii. Dada alinikatalia mabadilishano hayo kwa upole mkubwa. Alinitenganishia vitu viwili nilivyokuwa nimevichanganya kwenye kikapu kimoja: ninachoweza kutoa mimi, na anachodai yeye kwa mwingine. Kutoa kwangu hakupunguzi dai lake hata senti tano. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na hawakusema kulipa mtu yeyote.

Kabla sijaondoka nilimuuliza kuhusu watoto. Wa kwanza ameolewa. Wa pili anaendesha bodaboda Puma. Wa mwisho yuko darasa la tano, alikuwa anatuchungulia mlangoni. Wa tatu, binti wa miaka 17, yuko Dodoma.

"Anasoma?"

"Yuko kwa watu," akasema. Kisha, kwa sababu aliona uso wangu: "Nilienda mwenyewe kuiona nyumba. Nina namba ya yule mama. Analipwa 70,000, kwenye simu yake, na nikipiga mwisho wa mwezi ananisomea meseji. Mwezi ambao haijaingia, nampandia basi." Alisema hivyo bila aibu na bila kuniomba maoni. Ameyafanya yote ambayo kwa ajili yake hakuna aliyeyafanya, na mimi mwenye faili na jedwali nilikuwa natafuta la kuongeza, nikakosa.

*

Naendelea na kazi. Sadaka ninayotoa ni sadaka, ndogo, ya hiari, na naweza kuiacha kesho nikachoka kama watu wanavyochoka. Nikiombwa ushuhuda, nasema nilibadilisha upande wa meza: zamani nilidai kwa niaba ya benki, sasa nadai kwa niaba ya wasichana, na kazi hii mtu angeweza kuifanya hata akiwa bado benki, jioni, kwa kuanza na jikoni kwake. Watu hawapigi vigelegele sana. Safari moja mwanamke alinifuata nje baada ya ibada, akaniuliza kwa sauti ya chini amri ya mshahara inasema ngapi, na kama inahesabiwa tangu siku binti alipofika au tangu leo. Nikamwambia tangu siku alipofika. Akaguna, akaandika.

Mama alianza kupokea simu zangu tena Septemba. Tunazungumza habari za magoti yake na bei ya mchele. Sikumtajia Ikungi. Mwezi wa Desemba, katikati ya mazungumzo mengine kabisa, aliuliza kama yule mtoto ana simu. Alisema hivyo, yule mtoto. Nikamwambia anayo. Akasema nimtumie namba.

Nilituma. Sijauliza kilichofuata. Daftari hilo ni lao wawili.